Ubainishaji wa Hitilafu ya Feni ya Kiyoyozi katika Pikapu: Hoja ya Kupima Kabla ya Kubadilisha

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kubainisha hitilafu ya feni ya kiyoyozi katika gari aina ya pikapu lenye swichi ya mkono ya kubadilishia kasi ya feni. Hoja kuu ni kwamba kifaa kilichoungua si lazima kiwe ndicho chanzo cha hitilafu, na kwamba kipimo cha volteji kilichochukuliwa wakati mkondo wa umeme haupiti hakitoshi kuwa ushahidi. Makala yanaanza kwa kutofautisha feni mbili zinazochanganywa mara kwa mara, yanafafanua saketi ya feni ya ndani, yanachambua dalili kuu, kisha yanaweka utaratibu wa vipimo unaoigawa saketi sehemu kwa sehemu. Mifano miwili ya hesabu inaonyesha jinsi kiungo kichafu cha waya na mota nzito zinavyoweza kuunguza vifaa vingine. Makala yanahitimisha kwamba gharama ya kupima ni ndogo kuliko gharama ya kukisia, na kwamba matengenezo yanayopuuza chanzo yanaweza kuwa hatari ya moto.

Maneno muhimu: kiyoyozi, feni, rezista, kushuka kwa volteji, aethi, pikapu

1.0 Utangulizi

Pikapu ni chombo cha kazi. Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki hubeba mazao, saruji, mabomba, wagonjwa na maofisa ugani, na mara nyingi hupita katika barabara za vumbi zinazomlazimu dereva kufunga vioo. Vioo vikishafungwa, hewa ya ndani hutegemea feni moja iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hiyo ikisimama, kiyoyozi kizima huwa kimesimama kwa mtumiaji, hata kama kompresa, kondensa na gesi havina kasoro yoyote.

Jambo hili si la starehe pekee. Feni hiyohiyo ndiyo inayopuliza hewa kwenye kioo cha mbele na kuondoa ukungu. Dereva anayeshuka milima ya Uporoto wakati wa masika, au anayepita Limuru alfajiri ya mvua, anaihitaji ili aione njia. Kwa hiyo, hitilafu ya feni ni suala la usalama barabarani kabla ya kuwa suala la joto.

Tatizo linalochochea makala haya ni mazoea ya kubadilisha vifaa kabla ya kupima. Gari huletwa gereji kwa maelezo mafupi kwamba "feni imekufa." Rezista hubadilishwa, feni ikazunguka, mwenye gari akalipa na kuondoka. Baada ya wiki chache rezista mpya nayo huungua. Safari hii mota hulaumiwa. Ikishabadilishwa, soketi ya waya huyeyuka. Kila hatua ilionekana sahihi ilipochukuliwa kwa sababu feni ilizunguka. Hata hivyo, swali la msingi halikuulizwa hata mara moja: kwa nini kifaa cha kwanza kiliungua?

Makala yanajikita katika mfumo wenye swichi ya mkono na kasi nne, ambao ni wa kawaida katika pikapu nyingi za kazi zenye umeme wa volti 12. Mifumo inayojiendesha yenyewe kwa kompyuta inagusiwa pale tu inapotofautiana na huo.

2.0 Feni Mbili, Kazi Mbili

Hatua ya kwanza ya ubainishaji ni kujua ni feni ipi inayozungumziwa. Mfumo wa kiyoyozi cha gari hutegemea feni zaidi ya moja, na mtumiaji anaposema "feni haifanyi kazi" huenda anazungumzia mojawapo bila kujua ipo nyingine.

Feni ya ndani hukaa nyuma ya dashibodi upande wa abiria wa mbele. Ina mota na pipa dogo lenye panga nyingi nyembamba. Huvuta hewa kutoka nje au ndani ya gari na kuisukuma kupitia evaporeta, ambamo gesi ya kiyoyozi hufyonza joto la hewa hiyo, kisha hewa iliyopoa hutoka kwenye matundu ya dashibodi.

Feni ya nje ndiyo inayopitisha hewa kwenye kondensa, iliyo mbele ya rejeta. Kazi yake ni kulitoa joto lililofyonzwa ndani. Katika pikapu nyingi za dizeli, kazi hii hufanywa na feni kubwa inayozungushwa na injini kupitia kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni. Baadhi ya magari huongezewa feni ya umeme mbele ya kondensa.

Tofauti ya dalili ni bayana. Feni ya ndani ikiharibika, hewa haitoki au hutoka kwa udhaifu. Feni ya nje ikiharibika, hewa hutoka kwa nguvu zake za kawaida lakini haina ubaridi, hasa gari likiwa limesimama kwenye foleni. Gari likianza kwenda kasi, upepo wa barabarani huifanya kazi ya feni hiyo na ubaridi hurudi. Kwa hiyo, swali moja tu kwa dereva, "hewa haitoki, au inatoka ila haina baridi?", hutenga nusu nzima ya uwezekano kabla ya kifaa chochote kufunguliwa.

3.0 Saketi ya Feni ya Ndani

Umeme wa feni ya ndani huanzia kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei inayofungwa pale swichi ya kuwashia gari inapofunguliwa. Kutoka kwenye rilei huingia kwenye mota. Katika pikapu nyingi, swichi ya kasi haikai kabla ya mota bali baada yake: umeme ukishapita kwenye mota huingia kwenye rezista, kisha kwenye swichi, na hatimaye kwenye aethi, yaani bodi ya gari inayourudisha kwenye betri. Mpangilio huu una athari kubwa kwa upimaji, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5.0.

Rezista ni kifaa kidogo chenye koili au bamba la ukinzani. Kasi ya kwanza hupitisha mkondo katika ukinzani wote, hivyo mota hupata volti chache na huzunguka polepole. Kasi ya pili na ya tatu huruka sehemu ya ukinzani huo. Kasi ya nne huiruka rezista kabisa, na mota hupata volteji yote iliyopo. Ndiyo maana rezista ikikatika, mara nyingi kasi ya nne hubaki peke yake.

Ukinzani unapopunguza kasi ya mota, nishati iliyozuiliwa haipotei bali hugeuka joto. Kwa sababu hiyo watengenezaji huiweka rezista ndani ya mkondo wa hewa ya feni yenyewe ili ipozwe na hewa ileile inayoisaidia kudhibiti. Nyingi huwa pia na fyuzi ya joto inayokatika rezista inapopata moto kupita kiasi. Kutokana na muundo huu, rezista ni kifaa kinachoshuhudia hali ya mfumo mzima. Hewa ikipungua kwa sababu ya majani na vumbi, rezista hukosa cha kuipoza. Mota ikiwa nzito, rezista hupitisha mkondo mkubwa kuliko iliokusudiwa. Katika hali zote mbili inayoungua ni rezista, ilhali chanzo kiko kwingine.

4.0 Dalili na Tafsiri Yake

Dalili haithibitishi hitilafu, lakini huelekeza mahali pa kuanzia kupima. Dalili kuu ni sita.

Kwanza, feni haizunguki kwa kasi yoyote. Hapa inayoshukiwa ni sehemu inayotumiwa na kasi zote: fyuzi, rilei, mota, swichi au aethi. Rezista peke yake haielezi dalili hii, kwa kuwa kasi ya nne haipiti humo.

Pili, feni hufanya kazi kwa kasi ya nne pekee. Rezista, au soketi yake, ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kubaini hivyo, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kilichoiunguza.

Tatu, feni hukosa kasi moja tu, mathalani ya pili, huku nyingine zikifanya kazi. Hii huashiria mguso mmoja wa swichi, waya mmoja, au kipande kimoja cha rezista.

Nne, feni husimama na kuanza yenyewe, au huanza ikigongwa chini ya dashibodi. Dalili hii ni ya kaboni za mota zilizolika. Kaboni ni vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Vikifupika, springi hushindwa kuvikandamiza vizuri na mguso hukatikakatika. Mtikisiko wa barabara mbovu huweza kuirudisha feni, na dereva akadhani tatizo limejiponya.

Tano, feni huzunguka polepole katika kasi zote. Ama mota imekuwa nzito kwa sababu ya bushi au beringi kavu, ama volteji inapotea njiani kwenye kiungo kibovu. Dalili hii ndiyo inayopotosha zaidi, na ndiyo inayodai vipimo zaidi kuliko nyingine zote.

Sita, feni husikika ikivuma kwa nguvu lakini hewa inayotoka ni kidogo. Hapa umeme hauna kosa. Njia ya hewa imeziba. Chujio la hewa ya ndani, pale lilipo, huwa limejaa vumbi, au evaporeta imezibwa na uchafu. Lipo pia jambo linalofanana na hili: hewa hupungua taratibu baada ya mwendo mrefu, kisha hurudi kiyoyozi kikizimwa kwa dakika kadhaa huku feni ikiachwa izunguke. Huko ni kuganda kwa barafu kwenye evaporeta, na mota ikibadilishwa kwa sababu hiyo, kifaa kizima kitakuwa kimetupwa bure.

5.0 Utaratibu wa Vipimo

5.1 Ukaguzi wa awali

Kabla ya kushika multimita, mchunguzi hutumia macho, masikio na pua. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe au mwarobaini huingiza majani kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Panya nao hupenda kujenga viota humo. Sauti ya kukwaruza huashiria kitu kilichonasa kwenye panga au mota iliyochakaa. Harufu ya plastiki iliyoungua huashiria soketi iliyopata moto. Soketi ya rezista na ya mota zichomolewe na kutazamwa: plastiki iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, au pini iliyopoteza mng'ao, ni ushahidi wa joto lililokwisha kupita hapo.

Ni lazima pia kuzingatia usalama. Pikapu nyingi zina mfuko wa hewa wa kumkinga abiria katika eneo hilohilo la dashibodi. Nyaya zake hazipimwi wala kuguswa, na betri hufunguliwa kabla ya kuondoa sehemu yoyote ya dashibodi iliyo karibu nazo.

5.2 Fyuzi na rilei

Fyuzi ya feni ya ndani mara nyingi ni ya ampea 30 au 40. Ipimwe ikiwa mahali pake kwa kulinganisha volteji ya ncha zake mbili wakati swichi ya feni imewashwa. Tofauti kubwa huonyesha imekatika. Fyuzi iliyokatika haibadilishwi kimyakimya. Imekatika kwa sababu mkondo ulizidi, ama kwa shoti ya waya ama kwa mota iliyokwama. Ikiwekwa mpya na kukatika papo hapo wakati mota imechomolewa, kosa liko kwenye nyaya. Ikikatika pale tu mota inaporudishwa, mota ndiyo inayoshukiwa.

Rilei husikika ikilia "tki" inapofunga. Mlio huo, hata hivyo, huthibitisha tu kwamba koili yake inafanya kazi, hauthibitishi kwamba miguso inayopitisha mkondo mkubwa ni mizima.

5.3 Kuigawa saketi kwenye mota

Njia ya haraka ya kupata kosa katika mnyororo wa vifaa ni kupima katikati yake. Katika saketi hii, katikati ni mota. Kipimo hapo huamua kama kosa liko upande wa umeme unaoingia, ndani ya mota, au upande wa aethi.

Hapa ndipo kosa kubwa la upimaji hutokea. Mchunguzi huchomoa soketi ya mota, akaweka ncha moja ya multimita kwenye pini ya umeme na nyingine kwenye bodi, akasoma volti 12, akahitimisha kwamba umeme unafika na kwamba mota imekufa. Hitimisho hilo halina msingi wa kutosha. Multimita hupitisha mkondo mdogo mno. Kwa hiyo waya uliobakiza uzi mmoja tu kati ya nyuzi nyingi huonyesha volti 12 kamili, ingawa hauwezi kupitisha ampea 20 ambazo mota inazihitaji. Aidha, kwa kupima dhidi ya bodi, ameukwepa upande mzima wa rezista, swichi na aethi.

Kipimo sahihi huchukuliwa soketi ikiwa imechomekwa, swichi ikiwa kasi ya nne, ncha za multimita zikigusa pini mbili za mota kutoka nyuma ya soketi. Matokeo yanaweza kuwa ya aina tatu. Volteji ikikaribia ile ya betri na mota haizunguki, mota ni mbovu. Volteji ikiwa sifuri au ndogo sana, pini zote mbili zipimwe dhidi ya aethi ya betri: zote zikiwa na volti 12, umeme umefika, umepita kwenye mota, lakini hauna njia ya kurudi, hivyo kosa liko kwenye swichi au aethi. Zote zikiwa na sifuri, umeme haufiki, na kosa liko kwenye fyuzi, rilei au waya wa kuingilia.

Katika mifumo inayojiendesha kwa kompyuta, mahali pa rezista hushikwa na moduli ya kielektroniki inayodhibiti kasi. Waya wa amri wa moduli hiyo haupaswi kupimwa kwa taa ya majaribio, kwa kuwa mkondo wa taa unaweza kuiharibu. Multimita ndiyo itumike.

5.4 Kushuka kwa volteji

Mota inapozunguka polepole, swali si kama umeme unafika bali ni kiasi gani kinapotea njiani. Kanuni inayotumika ni ile ya Georg Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827: volteji inayopotea katika kiungo ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani wa kiungo hicho. Ukinzani wa omu 0.1 hauonekani wa maana, na multimita ya kawaida hushindwa kuupima kwa uhakika. Lakini mkondo wa ampea 20 ukipita humo, volti 2 hupotea, na joto la wati 40 huzaliwa mahali padogo kama ncha ya kidole. Hilo ni joto linalolingana na la pasi ndogo ya kulehemu nyaya. Si ajabu kwamba plastiki ya soketi huyeyuka.

Kwa sababu hiyo, viungo hupimwa kwa volteji inayopotea wakati mkondo unapita, si kwa ukinzani wakati saketi imezimwa. Ncha moja huwekwa mwanzo wa kipande na nyingine mwisho wake. Kwa kawaida, kiungo kimoja kisizidi volti 0.2, na upande mzima wa saketi usizidi takribani volti 0.5. Upande wa swichi unaweza kuzidi kidogo kiwango hiki kwa sababu ya miguso yake. Kinachotafutwa ni sehemu moja inayojitokeza kuliko nyingine.

5.5 Mkondo wa mota

Kipimo cha mwisho, ambacho mara nyingi hurukwa, ni mkondo ambao mota inavuta. Multimita nyingi za kawaida hubeba ampea 10 tu zinapounganishwa ndani ya saketi, hivyo zisitumike kwa njia hiyo; kinachofaa ni kipimo cha kubana waya kwa nje. Mkondo hulinganishwa na ule wa mota iliyo nzima ya aina hiyohiyo. Mkondo mdogo pamoja na volteji kamili huashiria kaboni zilizolika. Mkondo mkubwa huashiria mota nzito au iliyopata shoti ndani. Mota ikiwa imechomolewa, panga zake zizungushwe kwa mkono: zizunguke kwa wepesi, bila kukwama wala kuyumba.

6.0 Mifano ya Uchambuzi

Mifano ifuatayo imetungwa ili kuonyesha hesabu inavyoongoza uamuzi.

Mfano wa kwanza. Feni huzunguka polepole katika kasi zote. Injini ikinguruma, betri ina volti 14.0. Kwenye kasi ya nne, volteji kati ya pini mbili za mota ni 11.2, hivyo volti 2.8 zinapotea njiani. Kutoka betri hadi pini ya kuingilia zinapotea volti 0.3. Kutoka pini ya kutokea, kupitia swichi hadi mwisho wake wa aethi, zinapotea volti 0.3. Kutoka mwisho huo hadi ncha hasi ya betri zinapotea volti 2.2. Jumla ni 2.8, na hesabu imekamilika bila kubakiza kitu. Kosa liko kwenye aethi. Mkondo ukiwa ampea 18, ukinzani wa kiungo hicho ni takribani omu 0.12, na joto linalozaliwa hapo ni takribani wati 40. Matengenezo yanayohitajika ni kufungua bolti ya aethi, kukwangua kutu na rangi, na kuikaza upya. Mota mpya ingeleta nafuu ndogo au isiyokuwepo kabisa, kwa kuwa nayo ingepokea volteji ileile pungufu.

Mfano wa pili. Rezista imeungua mara mbili ndani ya miezi michache, na kila mara kasi ya nne pekee ndiyo iliyobaki. Volteji ziko sawa. Mota nzima ya aina hiyo huvuta ampea 20 kwenye kasi ya nne. Hii inavuta ampea 27. Fyuzi ya ampea 30 haijakatika, hivyo hakuna aliyeshtuka. Lakini joto katika ukinzani hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiongezeka kwa uwiano huohuo wa asilimia 35 katika kasi za chini, joto ndani ya rezista huongezeka kwa takribani asilimia 82. Rezista hizo mbili hazikuwa bandia wala dhaifu. Ziliuawa na mota yenye beringi kavu. Kifaa cha kubadilisha hapa ni mota na rezista kwa pamoja, baada ya kukagua soketi zilizobeba mkondo huo.

Mifano hii miwili inakinzana kwa makusudi. Katika wa kwanza mota ilionekana mbovu na haikuwa hivyo. Katika wa pili ilionekana nzima kwa kuwa ilizunguka, kumbe ndiyo chanzo. Macho na masikio yasingeweza kuitofautisha hali moja na nyingine. Namba ziliweza.

7.0 Feni ya Nje kwa Ufupi

Pale hewa inapotoka kwa nguvu lakini haina ubaridi gari likiwa limesimama, uchunguzi huhamia mbele ya rejeta. Bila hewa ya kutosha, kondensa hushindwa kutoa joto na shinikizo la gesi hupanda. Kwa gesi ya R-134a, joto la kondensa likifika nyuzi 60 za Selsiasi, shinikizo halisi hufikia takribani bari 17. Likiendelea kupanda, swichi ya shinikizo huizima kompresa ili kuulinda mfumo. Kuongeza gesi katika hali hiyo, kama inavyofanywa wakati mwingine, hulizidisha tatizo.

Feni inayozungushwa na injini hukaguliwa injini ikiwa imezimwa na kupoa. Ikizungushwa kwa mkono inapaswa kutoa ukinzani. Ikizunguka mizunguko mingi kwa wepesi, mafuta ya kiungo chake yamevuja au yamechoka. Feni ya umeme hupimwa kwa kupelekewa umeme wa betri moja kwa moja kupitia waya wenye fyuzi: ikizunguka, mota yake inafanya kazi na kosa hutafutwa kwenye rilei, swichi ya shinikizo au nyaya. Mikono iwe mbali wakati wote swichi ya gari imewashwa, kwa kuwa feni ya umeme huweza kuanza bila onyo.

8.0 Matengenezo Yanayozaa Hatari

Kuna matengenezo mawili yanayoifanya feni izunguke leo na kuliweka gari hatarini kesho. La kwanza ni kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, au kuiunga iliyokatika kwa uzi wa waya. Fyuzi huchaguliwa kulingana na unene wa waya. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujaungua. Fyuzi ikishaimarishwa kuliko waya, kinachokatika kwanza ni waya wenyewe, na waya huo umepita nyuma ya dashibodi, katikati ya plastiki na sponji.

La pili ni kukata soketi iliyoyeyuka na kuziunga nyaya kwa kusokota na kuzungushia utepe. Kiungo cha kusokota hulegea kwa mtikisiko, ukinzani wake hukua, na wati 40 za mfano wa kwanza hurudi mahali pasipoonekana. Soketi mpya iungwe kwa viungo vya kubana au kwa kulehemu, ifunikwe kwa mpira, kisha volteji inayopotea ipimwe upya.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hitilafu ya feni ya kiyoyozi hubainishwa kwa maswali matatu yanayofuatana. Ni feni ipi? Kosa liko upande upi wa mota? Kilichoungua kiliunguzwa na nini? Swali la kwanza hujibiwa na dereva, la pili na multimita wakati mkondo unapita, na la tatu na kipimo cha mkondo pamoja na ukaguzi wa njia ya hewa. Mchunguzi anayeishia kwenye swali la pili atafanikiwa kuifanya feni izunguke, lakini hatakuwa amelitengeneza gari.

Inapendekezwa kwamba mafunzo ya umeme wa magari yanayotolewa kwa Kiswahili yaweke kipimo cha kushuka kwa volteji mwanzoni, sambamba na matumizi ya taa ya majaribio, badala ya kukiacha kama maarifa ya ziada. Vifaa vyake havina gharama kubwa: multimita, kipimo cha kubana waya, na karatasi ya kuandikia namba. Inapendekezwa pia kwamba vipimo hivyo viandikwe kabla na baada ya kila tengenezo na kukabidhiwa mwenye gari. Gari likirudi na tatizo lilelile, fundi atakayelipokea, awe yuleyule au mwingine, ataanzia kwenye namba hizo na hatalazimika kuanza upya kwa kukisia.